Winga wa Bariadi katika mizani ya besiboli: namna ya kumpima chipukizi kabla hajakomaa

Kumtambua mtoto wa miaka 13 atakayekuwa mchezaji wa kutegemewa akifikisha miaka 21 ni kazi ya ubashiri, na ubashiri huo hufanyika mkoani Simiyu katikati ya kila mwaka, wakati mashindano ya UMITASHUMTA, yaani Umoja wa Michezo na Taaluma Shule za Msingi Tanzania, na yale ya UMISSETA, ambayo ni ya sekondari, yanapopanda kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa na hatimaye taifa. Mkoa huo, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za Shinyanga na Mwanza na kuwekewa makao makuu Bariadi, ulikuwa na watu 2,140,497 kwa mujibu wa Sensa ya 2022, waliotawanyika katika wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Kwa kijana wa huko anayeota kucheza soka la kulipwa, klabu ya Ligi Kuu iliyo jirani ni Pamba Jiji ya Mwanza, iliyorejea ligi hiyo msimu wa 2024/25, na njia ya kuifikia hupita katika siku chache ambazo walimu na makocha humtazama akicheza na kuamua kama jina lake linaingia kwenye orodha au linaachwa.

Hoja ya makala haya ni kwamba uamuzi huo hukosewa pale kile ambacho mtoto anaweza leo kinapochanganywa na kile atakachoweza kesho, na kwamba upo mchezo mmoja, usiochezwa Simiyu, ambao umelazimika kwa miongo mingi kuvitenganisha vitu hivyo viwili kwa kalamu na saa. Mchezo huo ni besiboli ya Marekani, hasa katika namna inavyowapima vijana wanaocheza uwanja wa nje, ambao majukumu yao yanafanana kwa mengi na ya winga katika soka.

Wachezaji watatu wa mbali

Katika besiboli timu mbili zenye wachezaji tisa kila moja hupokezana kupiga na kulinda: mrushaji wa timu inayolinda hutupa mpira, mpigaji wa timu pinzani huupiga kwa gongo, na mpira unaopaa mbali huwindwa na wachezaji watatu waliosimama nyuma kabisa, mmoja kushoto, mmoja katikati na mmoja kulia. Hao ndio wachezaji wa uwanja wa nje, na kazi yao ni kuukimbilia mpira na kuudaka kabla haujagusa ardhi, au kuurejesha upesi kabla mpinzani hajasogea mbele, kisha zamu ya kupiga ikifika wao pia hushika gongo kama wenzao.

Klabu kubwa za Marekani ni 30, na tangu mpangilio mpya wa mwaka 2021 kila moja ina timu nne za chini zenye uhusiano nayo, jumla 120, zilizopangwa kwa madaraja ya A, A ya juu, AA na AAA, mbali na ligi za wanaoanza zinazochezwa Marekani kwenyewe na Jamhuri ya Dominika. Mfumo huo mzima huitwa ligi ndogo, na chipukizi ni kijana aliye ndani yake ambaye klabu inaamini anaweza siku moja kufika juu, ingawa wengi wa wanaosaini mikataba hawafiki.

Msaka vipaji, yaani mtaalamu anayelipwa na klabu kuzunguka viwanjani akiandika ripoti, humpima mchezaji wa uwanja wa nje kwa mambo matano: uwezo wa kuugusa mpira kwa gongo, nguvu ya kuupeleka mbali, kasi ya miguu, ustadi wa kudaka, na nguvu ya mkono wa kurusha. Kila jambo hupewa alama kati ya 20 na 80, ambapo 50 ni wastani wa mchezaji wa ligi kuu, na alama huandikwa mbili mbili, moja ya uwezo wa sasa na nyingine ya uwezo unaotarajiwa atakapokomaa. Kijana wa miaka 17 anaweza kupewa 30 kwa nguvu ya leo na 55 kwa nguvu ya baadaye, kwa sababu mabega yake ni mapana na mwili haujajaza, huku mwenzake wa miaka 22 akipewa 45 leo na 45 kesho, maana alichonacho ndicho atakachobaki nacho.

Nafasi anayocheza kijana nayo hubadilisha maana ya alama zake. Wa katikati hana budi kuwa na kasi kubwa, kwa kuwa eneo lake ni pana kuliko la wenzake. Wa kulia huhitaji mkono wenye nguvu, kwa kuwa mirusho yake ni mirefu. Naye wa kushoto husamehewa mengi katika ulinzi mradi alipe deni hilo kwa gongo. Kijana aliye mzito kidogo kwa nafasi ya katikati na dhaifu kidogo kwa nafasi za pembeni hukwama njiani hata kama hana kasoro kubwa katika jambo lolote, na ndiyo maana ripoti nzuri haisemi tu kwamba fulani ni mzuri, bali inasema atacheza wapi na atamzidi nani huko.

Swali hilohilo linamhusu winga wa Kitanzania. Mtoto anayewaacha mabeki wote wa wilaya kwa mbio atakutana baadaye na mabeki wenye mbio kama zake, na hapo atahitaji kitu cha pili, ama krosi, ama pasi ya mwisho, ama mabao. Simon Msuva, aliyejiunga na Yanga mwaka 2012 akitokea Moro United, alijulikana kama winga mwenye kasi, lakini kilichompandisha hadhi ni kuongeza mabao juu ya kasi hiyo, hadi akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu msimu wa 2014/15 kwa mabao 17, na mwaka 2017 akaenda Morocco kuichezea Difaa El Jadida.

Umri, kimo na mwezi wa kuzaliwa

Takwimu za ligi ndogo hazisomwi kamwe bila umri pembeni, kwa sababu kijana wa miaka 19 anayefanya vizuri kiasi katika daraja la AA, akishindana na watu wazima, huthaminiwa kuliko wa miaka 25 anayetamba katika daraja hilohilo. Subira pia huhesabiwa ndani ya tathmini yenyewe. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, akapitia ligi ndogo kwa zaidi ya miaka 8, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani. Kwa jirani wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male walisaini na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, na mrushaji David Matoma akafuata mwaka 2023 kwa Pirates. Mkono wa mrushaji hupimwa kwa kifaa cha kasi na jibu hupatikana papo hapo hata katika nchi isiyo na ligi kubwa, ilhali upigaji huhitaji mamia ya mechi dhidi ya warushaji wazuri kabla haujajulikana, na kwa hiyo mchezaji wa uwanja wa nje anayetoka mbali na vituo vikuu huchelewa kuaminiwa.

Simiyu, tatizo la umri lina sura mbili. Ya kwanza ni udanganyifu, ambao Tanzania ililipia pale Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, ilipoondolewa katika fainali za Afrika za 2005 nchini Gambia, na ambao FIFA ilianza kuudhibiti kwa picha za mifupa ya kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la umri huo mwaka 2009. Ya pili haina mkosaji na kwa hiyo hupita bila kuonekana, nayo ni tofauti ya kukomaa miongoni mwa watoto wenye vyeti halali. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa karibu na miaka 14, wengine wakiongeza sentimita 8 hadi 10 kwa mwaka mmoja, na wasichana hutangulia kwa takriban miaka miwili. Hivyo katika kikosi kimoja cha shule anaweza kuwamo aliyekwisha kurefuka na ambaye bado hajaanza. Utafiti katika nchi nyingi umeonyesha pia kwamba timu teule za vijana hujaa waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa usajili, kwa kuwa wa Januari humzidi wa Desemba karibu mwaka mzima wa kukua. Mkulima wa Itilima, anayejua kwamba vitumba vya mche mmoja wa pamba havipasuki siku moja na kwa hiyo hurudi shambani mara kadhaa kuchuma, hangekubali kulihukumu shamba kwa mchumo wa kwanza, lakini uteuzi wa siku chache huhukumu watoto kwa namna hiyo.

Kalenda ya kilimo huongeza ugumu, maana msimu wa kuchuma na kuuza pamba, unaoanza Mei, huangukia miezi ya mashindano, na mtoto anayehitajika shambani au machungani anaweza kukosa mazoezi ambayo ndiyo mtihani wake pekee.

Saa, uwanja na hatua ya kwanza

Wapimaji wa besiboli hujihadhari na mazingira yanayodanganya. Albuquerque, mji wenye timu ya daraja la AAA, uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika hewa yake nyepesi mpira husafiri mbali kuliko kawaida, hivyo idadi ya mapigo marefu ya kijana anayecheza huko hupunguzwa thamani kabla ya kulinganishwa na ya mwingine. Simiyu nako uwanja hudanganya: Wasukuma wa huko wamekwisha kuzigawa ardhi zao kwa majina, na tofauti kati ya luseni, udongo wa kichanga, na mbuga, udongo mweusi unaonata masika na kupasuka nyufa kiangazi, inatosha kubadilisha muda wa mbio na jinsi mpira unavyodunda. Muda wa mita 30 uliopimwa kwenye luseni hauwezi kuwekwa kando ya ule wa kiwanja kigumu kana kwamba watoto walikimbia pamoja, isipokuwa aina ya uwanja imeandikwa, na pia kama mkimbiaji alikuwa na viatu au peku.

Kipimo cha maana kinaweza kufanyika kwa futi ya utepe, saa ya kusimamisha na alama mbili, moja kwenye mita 10 na nyingine kwenye mita 30, kwa kuwa mita 10 za kwanza huonyesha mchomoko ambao winga huutumia mara nyingi zaidi kuliko mbio ndefu. Kinachofuata hakipimwi kwa saa. Msaka vipaji mzoefu wa besiboli hafuati mpira unapopigwa. Macho yake hubaki miguuni mwa mchezaji wa uwanja wa nje, aone kama hatua ya kwanza imetoka mara gongo lilipolia na kama imeelekea mahali mpira utakapotua, kwa sababu mwenye miguu ya wastani anayesoma mapema humzidi mwenye mbio anayeanza kwa kukosea. Kwa winga, hatua hiyo ni mtazamo wa bega kabla pasi haijamfikia, jambo ambalo mtafiti wa Norway Geir Jordet amelichunguza kwa wachezaji wa kulipwa. Mwalimu anaweza kuhesabu mapokezi 10 ya mtoto mmoja na kuandika mara ngapi aligeuza kichwa kabla ya mpira kufika, mara ngapi mguso wa kwanza ulimpeleka mbele, na mara ngapi alikimbilia kuuwania mpira alioupoteza. Vipimo hivyo havitegemei kimo, na ndivyo vinavyosafiri na mchezaji kutoka daraja hadi daraja, ilhali mabao sita dhidi ya shule dhaifu hubaki palepale yalipofungwa.

Daftari kama mali

Yote hayo yanahitaji kumbukumbu ya miaka, na kumbukumbu hiyo ina thamani ya fedha. Kanuni za FIFA zinaagiza kwamba asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawanywe kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23, ambapo kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 hubeba asilimia 0.25 ya ada na kila mwaka unaofuata asilimia 0.5. Klabu iliyomsajili mtoto kwa miaka hiyo minne ya mwanzo ingestahili shilingi milioni 10 katika uhamisho wa shilingi bilioni 1, na tangu Novemba 2022 malipo ya namna hiyo yamekuwa yakipitia kituo maalumu cha FIFA kinachotegemea historia ya usajili. Asiyesajiliwa na klabu inayotambuliwa hana historia, na kijiji kilichomlea hakipati kitu.

Kwa hiyo pendekezo linalofaa kwa Simiyu ni dogo kuliko akademia na ni gumu kuliko bonanza: kila wilaya iwe na daftari moja ambamo vijana wanaoonekana, pamoja na wale walioachwa kwa sababu ya udogo wa mwili, wanapimwa mara mbili kwa mwaka, nje ya msimu wa palizi na wa mavuno, kwa vipimo vilevile, huku kila mpimaji akiandika alama ya leo na alama anayotarajia. Klabu za besiboli hurudi kwenye ripoti za miaka iliyopita kuona ni nani miongoni mwa wasaka vipaji wao alibashiri sawasawa, na daftari la wilaya lingetoa nafasi hiyohiyo, kwa kuwa baada ya miaka mitano lingeonyesha ni watoto gani waliokua kama ilivyotarajiwa na ni makocha gani wenye jicho la kuaminiwa, ili uteuzi wa kikosi cha mkoa ukabidhiwe kwao.