Triathloni ndefu: Tumbo nalo lifanye mazoezi

Anayejiandikisha kwa triathloni yake ya kwanza ndefu huanza kwa kuuliza bei ya baiskeli. Suala la chakula hulikumbuka siku chache kabla ya mashindano, akalimaliza kwa sahani kubwa ya tambi usiku wa kuamkia siku yenyewe. Mpangilio huo umepinduka. Kwa mtu anayeanza, ambaye hana haja ya kumshinda yeyote ila anataka kufika mwisho akiwa na akili timamu, tumbo linastahili ratiba ya mazoezi kama miguu na mapafu, tena mapema kuliko baiskeli mpya.

Tuchukue mashindano yaliyo jirani, Ironman 70.3 ya Rwanda, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza Rubavu mwaka 2022, kando ya Ziwa Kivu. Mshiriki huogelea kilomita 1.9, akaendesha baiskeli kilomita 90, kisha akakimbia kilomita 21.1. Ni nusu ya umbali kamili uliozaliwa Hawaii mwaka 1978, lakini kwa mgeni hata nusu hiyo ni kazi ya saa sita, saba au nane. Akiba ya wanga iliyomo kwenye misuli na ini ni kama gramu 500, sawa na kalori 2,000 hivi. Mtu wa kilo 70 anayekwenda mwendo wa wastani anaweza kuunguza kalori 500 au zaidi kwa saa. Mafuta ya mwilini hubeba sehemu ya mzigo huo, hasa mwendo ukiwa wa taratibu, lakini hayawezi kuubeba wote. Asiyekula njiani hukatikiwa na nguvu wakati mbio za miguu ndiyo kwanza zinaanza.

Hilo halikugunduliwa jana. Mwaka 1924 madaktari wa Boston walipima damu ya wakimbiaji waliomaliza marathoni ya mji huo, wakaona kwamba baadhi yao sukari ilikuwa imeshuka sana, na hao ndio waliofika wamepauka, wamelegea, wengine hata hawajitambui vizuri. Mwaka uliofuata wakimbiaji walipewa wanga wa kutosha kabla ya mbio na peremende njiani, na hali ile ikazuilika. Kilichoeleweka baadaye ni kwamba kikwazo si mdomo, ni utumbo. Glukosi peke yake hupenya kwenda kwenye damu kwa kiasi cha gramu 60 kwa saa. Ukiichanganya na fruktosi, ambayo hupita mlango wake tofauti, unaweza kufika gramu 90. Zaidi ya hapo kinachobaki hukaa tumboni kikichacha, na matokeo yake ni kichefuchefu, gesi, au kukimbilia chooni katikati ya mbio.

Uwezo huo, hata hivyo, hufundishika, na hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, waliwapa wakimbiaji wanga mara kwa mara wakiwa mazoezini kwa wiki mbili tu, na matatizo ya tumbo yakapungua. Kwa hiyo safari ndefu ya baiskeli ya mwisho wa wiki iwe pia darasa la kula: anza na gramu 30 kwa saa, panda polepole hadi 60, na ule vilevile vitu utakavyotumia siku ya mashindano. Kwa nini kwenye baiskeli? Kwa sababu kiwiliwili kimetulia. Ukikimbia, tumbo linatikiswa kila hatua. Mwendo nao una neno lake: kadiri unavyojikaza ndivyo damu inavyohama matumboni kwenda kwenye misuli, na chakula hulala palepale kilipoangukia. Wanariadha wakubwa wa mbio ndefu hufanya takriban asilimia 80 ya vipindi vyao kwa mwendo mwepesi wa kuweza kuzungumza. Anayeanza hana sababu ya kuwazidi kwa ukali.

Wapo watakaosema kwamba wakimbiaji wa Iten na Eldoret hawabebi vifuko vya jeli mazoezini na bado wanatawala dunia. Kweli, lakini tazama sahani zao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulifuatilia mlo wa wakimbiaji kumi mashuhuri wa Kenya, ukakuta zaidi ya robo tatu ya nishati yao inatoka kwenye wanga, ugali na sukari ya chai vikiwa mbele. Isitoshe, marathoni yao huisha kwa saa mbili na dakika kadhaa, na hata humo Eliud Kipchoge hunywa vinywaji vya wanga kwenye vituo.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanaoacha wanga ili mwili uzoee mafuta. Jaribio la Taasisi ya Michezo ya Australia kwa watembeaji wa kasi, lililochapishwa 2017, liliwapa haki nusu: miili yao kweli iliunguza mafuta mengi zaidi. Lakini ilihitaji oksijeni nyingi zaidi kwa kasi ileile, na muda wao wa kilomita 10 haukuimarika, ilhali wenzao waliokula wanga waliboresha wao. Kwa mtu anayefuata nyakati za kufunga mashindano, oksijeni ya ziada ni gharama halisi.

Na bei? Jeli za dukani ni ghali, lakini sukari ya mezani ni nusu glukosi, nusu fruktosi. Vijiko 15 vya chai ni gramu 60 hivi. Vikoroge kwenye chupa ya mililita 750 pamoja na chumvi kidogo na limau, umepata saa moja. Tende na ndizi mbivu zinakubalika kwa wanaopenda kutafuna. Maji yafuate kiu. Uchunguzi wa Marathoni ya Boston ya 2002 ulikuta asilimia 13 ya wakimbiaji waliopimwa sodiamu yao imeshuka kupita kiasi, na alama kubwa ilikuwa kuongezeka uzito wakati wa mbio, yaani walikunywa kupita walichotoa jasho.

Wanaoingia triathloni kwa lengo la kupunguza kitambi wanahitaji onyo lao. Kujinyima huku saa za mazoezi zikiongezeka huvuruga homoni, hudhoofisha mifupa na, kwa wanawake, huweza kusimamisha hedhi. Anayetaka kupungua afanye hivyo katika miezi ya mwanzo, mazoezi yakiwa bado mepesi. Safari za baiskeli zikishavuka saa tatu, arudishe chapati na viazi vitamu mezani.