Kupima Dawa za Kulevya Kabla ya Kuzitumia (3): Kuifikisha Huduma kwa Watu

Katika huduma ya kupima dawa za kulevya, mtumiaji huleta chembe za alichonunua mtaani, mtaalamu akazichunguza na kumweleza kilichomo kabla hajakitia mwilini. Uholanzi inayo tangu 1992. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, ilipanuka baada ya dharura ya afya kutangazwa Aprili 2016, fentanili, afyuni kali ya kutengenezwa maabara, ilipokuwa imeuvamia unga wa mtaani. Tangu hapo watu zaidi ya 15,000 wamepoteza maisha jimboni humo kwa dawa zenye sumu.

Kipimo chepesi ni ukanda wa karatasi. Punje ya dawa iliyo ndogo kama kichwa cha kiberiti huyeyushwa kwenye maji, ukanda ukachovywa, kisha mistari ikasubiriwa: mmoja maana yake fentanili imo, miwili haikuonekana. Lakini ukanda hausemi kiasi. Huko ambako karibu kila unga una fentanili, mtumiaji wa heroini hana haja ya kuambiwa kwamba imo. Anachotaka kujua ni nguvu yake, na kama imechanganywa na benzodiazepini, ambazo humtia mtu usingizi mzito usioondolewa na nalokisoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na afyuni. Kwa swali hilo inahitajika mashine. Spektromita ya infraredi hutoa jibu kwa dakika chache, ila kitu kisichofikia takriban asilimia 5 ya mchanganyiko huweza kuiponyoka, nayo fentanili huua hata ikiwa chini ya hapo. Kwa hiyo ukanda na mashine hutumika pamoja.

Mashine hizo ni ghali na wanaojua kuzisoma ni wachache, kwa hiyo huduma hubaki katika miji mikubwa. Wengi wanaokufa, hata hivyo, hufia ndani ya nyumba, mara nyingi wakiwa peke yao, mbali na kituo chochote. Chuo Kikuu cha Victoria, huko British Columbia, kimepata njia nzuri: mashine huwekwa katika miji midogo ya Kisiwa cha Vancouver, mhudumu asiye mkemia akapima sampuli, na matokeo yakatumwa kwa intaneti kwa wataalamu walioko Victoria ili wayafasiri. Kituo cha Get Your Drugs Tested cha jijini Vancouver, kilichofunguliwa 2019, hupokea sampuli hata kwa posta, bila malipo.

Kinachowazuia watu zaidi ya umbali ni hofu ya polisi, na haki yao kuogopa, maana sampuli yenyewe ni kitu haramu. New Zealand iliihalalisha huduma hii kwa kudumu kwa sheria ya mwaka 2021: watoa huduma hupewa leseni, na matokeo ya kipimo hayawezi kutumika mahakamani dhidi ya aliyeleta sampuli. Kumiliki dawa kumebaki kosa. Mtu bado yuko hatarini njiani, tangu anapotoka nyumbani hadi anapofika mezani pa mpimaji, na hatari hiyo hupungua pale tu kituo kinapokuwa jirani, kikihudumiwa na watu waliowahi kutumia dawa wenyewe na wanaoaminiwa mtaani.