MAZIWA YA NYAYO YALIENDA WAPI?

Kila nikitaja maziwa ya Nyayo darasani wanafunzi huangua kicheko. "Mwalimu, kwani Nyayo alikuwa ng'ombe?" aliniuliza mmoja wa Kidato cha Pili. La hasha! Mimi niliyanywa maziwa hayo nikiwa shule ya msingi miaka ya themanini, na kwa kuwa mhariri amenipa ukurasa, wacha nieleze.

Nyayo ni wingi wa unyayo. Mzee Jomo Kenyatta alipofariki Agosti 1978, Daniel arap Moi alishika usukani, akasema atafuata nyayo za mtangulizi wake. Basi kila kitu kikawa Nyayo: mabasi, wadi za hospitali, uwanja wa michezo, hata gari! Mwaka 1979 akaamuru watoto wa shule za msingi wapewe maziwa bure. Mwaka huo malipo yaliyokuwa yamebaki ya shule za msingi yaliondolewa, na idadi ya wanafunzi ikaruka kutoka takribani milioni 3 hadi karibu milioni 3.7. Wengi wao walikuja bila kutia kitu kinywani tangu jana yake.

Kwa kawaida kila mtoto alipata pakiti moja ya mililita 200, mara mbili kwa wiki. Na pakiti yenyewe sasa! Haikuwa kama hizi za leo zilizo mfano wa tofali. Ilikuwa piramidi, pande zake zote nne pembetatu tupu, huwezi kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Wazo hilo lilitoka Uswidi mwaka 1944, kwa Erik Wallenberg, mfanyakazi wa Ruben Rausing, na mashine ya kwanza ikaanza kazi mwaka 1952. Karatasi ndefu hukunjwa ikawa bomba, maziwa humiminwa ndani, kisha bomba hubanwa kwa joto, mara hivi, mara kwa kukingama. Kila likibanwa na kukatwa, piramidi moja hudondoka. Hakuna karatasi inayopotea. Ubaya wake ni kwamba piramidi hazipangiki vizuri katika kreti wala rafuni, ndiyo maana tofali likaja kushinda.

Mtauliza, mbona hayakuganda njiani? Maziwa hayo yalipashwa moto hadi kama digrii 140 kwa sekunde chache tu, vijidudu vyote vikafa, yakafungwa katika pakiti safi yenye utando wa alumini uliozuia hewa na mwanga. Hivyo yaliweza kukaa miezi bila friji, na lori lingeweza kufika Turkana au Tana River. Moto huo ndio ulioyapa ile ladha yake ya kuchemka, kwani protini za maziwa zikichomwa hivyo huachilia salfa kidogo. Wengine yaliwasokota tumbo, maana si kila mtu anayeweza kusaga sukari ya maziwa. Ati sisi tulidhani wamerogwa.

Tulitoboa pembe moja kwa meno, tukafyonza. Iliyokwisha ulipulizwa, ukaikanyaga, paa! Mwalimu wa zamu akatoka na kiboko. Lakini si wote waliokunywa palepale. Jirani yangu wa dawati alikuwa akifyonza nusu tu, anakunja ile pembe, anaitia mfukoni kwa sababu nyumbani alikuwa na mdogo wake ambaye hajaanza shule. Siku lori lisipokuja, huyo rafiki yangu hakuzungumza na mtu. Na kuna siku lori lilikuja, kreti zikahesabiwa, kisha jioni tukaziona piramidi zetu zikiuzwa dukani. Nani aliziuza? Tulijua, ila nani angesema?

Maziwa hayo yalisambazwa na KCC, kampuni iliyoanza mwaka 1925. Kwa mfugaji ilikuwa soko la uhakika. Lakini fedha za serikali zilipungua miaka ya tisini, na mwaka 1992 biashara ya maziwa ikafunguliwa kwa kila mtu, KCC ikayumba. Lori likaanza kuja mara moja kwa mwezi, kisha muhula mzima bila, na kabla ya mwongo huo kwisha mpango ukafa pole pole, bila hata tangazo la maana. KCC yenyewe ilifufuliwa kama New KCC mwaka 2003. Watoto wa Nairobi wana Dishi na County tangu 2023, wanalipa shilingi 5 kwa chakula cha mchana. Ni jambo jema, tena chakula hushibisha kuliko maziwa. Lakini hakilipuki ukikikanyaga, bana!

Kabati la chama chetu lina magazeti ya zamani na bendera moja iliyoliwa na panya. Kama nyanya au mjomba wako amehifadhi ile pakiti ya pembetatu, hata iliyopandiwa mche wa mti, tafadhali niletee ofisini.