Shahada ya sheria mkononi, kazi iko wapi?

Na Mwandishi Wetu, Southall, London

UKISHUKA kwenye treni hapa Southall, magharibi ya jiji la London, utalikuta jina la kituo limeandikwa kwa Kiingereza na kwa Kipunjabi. Ukiifuata South Road mpaka Broadway, utapokewa na harufu ya jalebi na sambusa, maduka ya sari na ya dhahabu. Inua macho. Juu ya maduka hayo kuna vibao vya mawakili: uhamiaji, ndoa, nyumba, madai.

Sisi tulianza kuzipanda ngazi hizo kama wateja. Tulikimbia kwetu kwa sababu ya kalamu, tukaja kuomba hifadhi. Mtu wa kwanza kutufaa katika ofisi tuliyokwenda hakuwa wakili. Alikuwa binti wa Tanga mwenye shahada ya sheria aliyoipata Dar es Salaam. Alikuwa akipanga majalada, akichemsha chai na kuwatafsiria wateja, bila ya mshahara.

Katika maelezo yetu tulisema kwamba "ndugu yangu" alikamatwa. Mkalimani aliyetangulia aliandika kuwa ni ndugu wa tumbo moja. Binti yule aliisoma karatasi, akasita.

"Mjomba, huyu ndugu ni wa kuzaliwa naye au wa ukoo?"

Tukamjibu kuwa ni mtoto wa ami. Akalisahihisha neno lile kabla ya siku ya mahojiano. Kwa Mswahili hapana kosa hapo, mtoto wa ami ni ndugu. Lakini kwa afisa wa uhamiaji, mtu aliyesema hivi jana na vile leo ni mwongo, na mwongo hurudishwa alikotoka. Swali moja la binti asiyelipwa lilituepusha na hatari hiyo.

Ndugu msomaji, tunamkumbuka kila kijana anapotuuliza: nimemaliza sheria, kazi nitaipata vipi?

Mtaa huu unajua thamani ya wakili. Baadhi ya wazee wake walitoka Afrika Mashariki. Mwaka 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku chache tu sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya wenye pasi za Kiingereza wasiingie nchini. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 wafunge virago. Mpaka leo yuko mwenye duka hapa atakayekuuliza "habari ya nyumbani?" Tarehe 23 Aprili 1979 watu wa Southall walipoandamana kukipinga chama cha wabaguzi cha National Front, mwalimu Blair Peach aliuawa na mamia walikamatwa. Kesi zao zikasikilizwa Barnet, mbali na kwao. Mwaka huo huo ndipo lilipoundwa kundi la Southall Black Sisters, ambalo limewatetea wanawake hadi mahakamani.

Na yupo mfano wa mtu aliyepita njia ndefu. Mota Singh alikulia Nairobi, akapata uwakili hapa London katika chuo cha Lincoln's Inn mwaka 1956, akarudi Kenya kufanya kazi. Mwaka 1965 alihamia Uingereza na kuanza upya. Mwaka 1982 akawa jaji wa kwanza wa asili ya Asia katika nchi hii, akakaa kitini na kilemba chake cheupe badala ya wigi.

Zamani mhitimu aliyetaka kuwa solisita, yaani wakili wa ofisini, alilazimika kupata ofisi itakayompa mkataba wa mafunzo wa miaka miwili. Mikataba ilikuwa michache, waombaji maelfu. Asiyekuwa na mjomba wala shangazi ndani aliishia kuendesha teksi na shahada yake kabatini.

Tangu Septemba 2021 mambo yamebadilika, na wengi wetu hatujapata habari. Sasa kuna mtihani mmoja wa taifa, SQE, wenye sehemu mbili. Ya kwanza ina maswali 360 ya kuchagua jibu. Ya pili ni ya vitendo: kumhoji mteja, kuandika barua, kusimama mbele ya hakimu. Pamoja na mtihani inatakiwa miaka miwili ya kazi ya sheria. Miaka hiyo yaweza kukusanywa katika ofisi zisizozidi nne, ikiwemo kliniki ya sheria ya chuo au kituo cha msaada wa kisheria, kwa malipo au kwa kujitolea. Hata kazi ya nje ya Uingereza yaweza kuhesabiwa. Sharti ni kwamba ithibitishwe na solisita wa Uingereza, au na afisa wa ofisi anayesimamia ufuataji wa kanuni. Na aliyekwisha kuapishwa kuwa wakili kwao, tuseme Kenya au Tanzania, hadaiwi miaka hiyo miwili, anadaiwa mtihani.

Hatusemi kuwa njia ni nyepesi. Ada ya sehemu zote mbili inapita paundi 4,500, mbali na gharama za masomo. Kazi nazo zilipungua tangu Aprili 2013, serikali ilipoondoa msaada wa kisheria katika kesi nyingi za uhamiaji, ingawa za hifadhi zilibaki. Wala nyumbani si mteremko: mwaka 2022, katika Shule ya Sheria ya Tanzania, matokeo yalionyesha waliofaulu moja kwa moja ni 26 kati ya 633, mpaka serikali ikaunda kamati ya kuchunguza.

Jambo jingine la kuangalia: kutafsiri si kushauri. Anayeendesha shughuli ya kutoa ushauri wa uhamiaji hapa bila ya kibali, hata kama ni bila ya malipo, anavunja sheria ya mwaka 1999. Kijana mwenye shahada asijiharibie kwa huruma.

Binti wetu alipotimiza miezi kumi aliomba kazi yake ithibitishwe. Mwenye ofisi alicheka, akamwambia kutafsiri na kuchemsha chai si sheria. Yeye hakuwa ameandika popote alichokifanya. Miezi kumi ikapotea, na mshahara juu yake, kwani ofisi ya biashara inayomfanyisha mtu kazi hasa inapaswa kumlipa kima cha chini.

Sasa yuko kwenye kituo cha msaada wa kisheria. Siku ya kwanza aliuliza nani atakayesaini. Ana daftari, na kila jioni anaandika: mteja wa aina gani, barua gani, kosa gani alilolisahihisha. Juzi tulimkuta Broadway, tukamuuliza amefika wapi.

"Miezi kumi na minne, mjomba. Bado kumi."

Kwa hiyo kijana unayetuuliza, jibu letu ni hili. Kiswahili chako ni mtaji, kwani wako watu wetu ambao maisha yao yananing'inia kwenye neno moja. Lakini usikubali kufanya kazi gizani. Uliza nani atasaini, kisha andika. Mali bila daftari hupotea bila habari.