Mama, hesabu pumzi za mwanao

Wakaaji wa Kericho na Bomet wamezoea baridi na mvua ya alasiri, hali inayostawisha majani chai. Ndiyo sababu mtoto akianza kukohoa, wengi husema ni baridi tu, itapita. Mama humpaka mafuta kifuani, akamfunika blanketi, kisha akawahi shambani kuchuma majani kabla gari la chai halijapita.

Mara nyingi huwa ni mafua, na mtoto hupona. Lakini nimonia nayo huanza vivyo hivyo, na ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi zaidi wa chini ya miaka mitano nchini. Dalili ya kuchunguza zaidi ni pumzi, si kikohozi.

Wauguzi hufunzwa kuzihesabu, nawe waweza. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Mfunue kifua, utazame kikipanda na kushuka. Hiyo ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima kwa saa.

Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikisha pumzi 60, wa miezi miwili hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Akipewa amoksisilini, ammalize dozi yote hata kama amechangamka.

Zipo dalili zisizongoja hata saa moja: sehemu ya chini ya kifua kudidimia anapovuta pumzi, kushindwa kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, au kulegea asiamke. Huyo ni wa hospitali, hata kama ni usiku na barabara ina matope.

Wodini, uhai wake hutegemea sana mkono wa muuguzi. Humbana kidoleni kijimashine cha kupimia oksijeni ya damu. Ikiwa chini ya asilimia 90, humtia mrija puani wa kumpa hewa hiyo. Humwinua kichwa, humsafisha pua iliyoziba, na humpima tena na tena mchana na usiku. Akihema sana asiweze kumeza, hulishwa kwa mrija ili maziwa yasimpalie. Usiung'oe mrija huo kwa kumhurumia. Kama unakusumbua moyo, mwulize muuguzi.

Kazi hiyo si ngeni huku. Zahanati ya Tenwek, Bomet, ilianza mwaka wa 1937, lakini daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernest Steury, alifika 1959. Katika miaka hiyo ya kati, mzigo mkubwa wa kuwatunza wagonjwa ulikuwa mabegani mwa wauguzi.

Hata hivyo, kinga ni bora. Mnyonyeshe mtoto maziwa yako pekee kwa miezi sita. Usimpeleke jikoni mgongoni wakati kuni mbichi zinafuka moshi, fungua dirisha. Umpeleke chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Chanjo ya nimokoko, bakteria wanaoleta nimonia nyingi kali, imo katika ratiba ya Kenya tangu 2011.

Nanyi akina baba, kazi hii si ya mama peke yake. Majani yasipochumwa leo yatachipuka tena. Mtoto akihema mbio, acheni kikapu, mhesabuni pumzi.