Wagenia: Matembezi Yaanzie kwenye Kamba

Mjini Tokoname, Japani, kuna njia ya miguu inayomfundisha mgeni ufinyanzi kabla hajaingia karakana yoyote. Kuta za mteremko wa Dokanzaka zimejengwa kwa mabomba ya udongo na chupa kubwa za pombe, kazi ya wafinyanzi wa hapohapo, na ardhi imetandikwa mabaki ya tanuri ili miguu isiteleze. Juu kidogo liko tanuri la mwaka 1887 lililopanda kilima, lenye dohani kumi, ambalo lilichoma vyombo hadi 1974.

Kisangani nasi tuna mahali pa kutembea hivyo. Ni Wagenia, mashariki mwa katikati ya mji, kwenye poromoko la mwisho kati ya saba ya Boyoma, ambako mto umeshuka kama meta 60 tangu Ubundu, umbali wa zaidi ya kilometa 100. Wageni wengi hupelekwa moja kwa moja ukingoni, wakapiga picha za vijana wanaoning'inia juu ya maji, kisha wakarudi hotelini. Ujasiri wameuona, ufundi umewapita.

Laiti wangeanzia kwa wanaosuka. Mgono wa Wagenia ni tenga refu la fito na kamba za msituni, pana mdomoni, jembamba mkiani, na mdomo huelekezwa kule maji yanakotoka. Hauna chambo. Nguvu ya mkondo ndiyo inayomsukuma samaki ndani na kumbana huko asiweze kugeuka. Kwa hiyo mgono uleule ukiwekwa penye maji matulivu haufai kitu, na ndiyo sababu nafasi juu ya mwamba ni mali ya ukoo, inayorithiwa.

Magogo yanayoshikilia migono nayo huchomekwa katika mashimo ambayo mto wenyewe umeyachimba mwambani, yakafungwa kwa kamba. Mgeni aombe kuligusa fundo. Maji hayaachi kutikisa jukwaa hilo la magogo, na fundo la kamba hukubali kutikisika pale ambapo kiungo kigumu kingepasuka. Migono huinuliwa mara mbili kwa siku, basi saa ya kufika ipangwe na wavuvi wenyewe.

Tofauti kubwa na Tokoname ni hii: huku hakuna cha mwaka 1887 cha kuhifadhi. Mafuriko huja yakabeba magogo, watu wakajenga upya. Kilichodumu ni ujuzi wa mikono, na kwangu huo ndio urithi wa kwanza wa mji huu, mbele ya jengo lolote la enzi ulipoitwa Stanleyville.

Patana bei kabla ya kuanza, uulize pia msukaji anapata nini. Matembezi yakimlipa aliyesimama juu ya gogo peke yake, wasukaji watatafuta kazi nyingine, na wavuvi watakosa cha kutumbukiza majini.