Intaneti moja kwa nyumba nzima: tugawane bila kugombana

Tangu mikonga ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti imeingia majumbani mwetu polepole, mtaa baada ya mtaa. Lakini sisi Wapwani wengi twaishi nyumba za familia. Mama yuko chini, kaka na mkewe ghorofa ya kwanza, dada juu, na uani kuna chumba cha vijana. Basi swali ninaloulizwa sana na majirani ni hili: kila mlango ulipe intaneti yake, au tuchange tulipe moja?

Jibu langu ni kwamba familia moja yaweza kutumia intaneti moja vizuri kabisa. Mimi naishi katika nyumba kama hiyo na kompyuta zetu ni sita, mbali na simu. Ila yataka kuelewa mtambo unavyofanya kazi, na yataka makubaliano. Ugomvi mwingi wa "nani anamaliza intaneti" hutokana na kukosa mawili hayo.

Tuanze na mtambo wenyewe. Kampuni inapokuunganisha hukupa anwani moja tu kwa nyumba nzima. Ifananishe na sanduku la posta. Familia nzima yaweza kuwa na S.L.P. moja, barua zote zikaja humo, kisha mtu mmoja akazigawa kwa wenyewe. Ruta ndiyo huyo mgawaji. Kila kompyuta huipa namba yake ya ndani, na kinachorudi kutoka nje hukipeleka kwa aliyekiomba. Kwa hivyo huna haja ya laini ya pili kwa sababu umenunua kompyuta ya pili.

Kinachogawanywa ni kasi. Kampuni huuza kasi kwa megabiti kwa sekunde, lakini mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Ukiwa na laini ya megabiti 20, faili la megabaiti 1,000 litachukua kama dakika saba kushuka, hata mambo yakiwa shwari. Video ya picha safi kwenye televisheni hula kama megabiti 5. Darasa la video hula kama 3 au 4. Ukijumlisha utaona laini hiyo yatosha televisheni moja na wanafunzi wawili au watatu kwa pamoja. Ikiwa saa mbili usiku televisheni tatu zimewashwa na kompyuta moja inajisasisha, lazima mtu aumie.

Jambo la pili ni kuta. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta waweza kufika unene wa nusu mita. Mawimbi ya waifai hayaupendi ukuta huo. Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 2.4, ambayo hupenya mbali kidogo lakini ni ya polepole, na ya gigahezi 5, ambayo ni ya kasi lakini huchoka upesi yakikutana na ukuta. Usiifiche ruta nyuma ya televisheni wala ndani ya kabati. Iweke juu, katikati ya nyumba, karibu na ngazi ikiwezekana, kwani uwazi wa ngazi hupitisha mawimbi ghorofa hadi ghorofa.

Ikiwa bado hayafiki, watu hukimbilia vile vifaa vidogo vya kuchomeka ukutani vya kurudia mawimbi. Husaidia, lakini vingi hupunguza kasi karibu nusu, kwa sababu kifaa hicho hicho hupokea na kurusha kwa zamu. Dawa ya kweli ni waya. Waya wa mtandao hubeba mawasiliano hadi mita 100, na nyumba gani yetu ina urefu huo? Upitishe waya kutoka kwenye ruta hadi kila ghorofa, kisha uweke kituo kidogo cha waifai huko. Ukitumia ruta ya zamani kuwa kituo, izime kazi yake ya kugawa namba, maana wagawaji wawili katika nyumba moja huvuruga kila kitu. Na waya unaopita nje uwe wa shaba tupu wenye ganda la kuhimili jua. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na nyaya hafifu.

Tatu ni usalama, na hapa sifanyi mzaha. Kwa kuwa nyumba nzima yaonekana nje kwa anwani moja, chochote kitakachofanywa kupitia laini hiyo huelekea kwa yule aliyeandikisha jina lake. Mgeni akitumia waifai yako kutapeli watu au kutuma vitisho, uchunguzi wa kwanza chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 waweza kubisha mlangoni kwako. Badilisha neno la siri la waifai, na pia neno la siri la kuingilia kwenye ruta yenyewe, kwani hilo wengi huliacha kama lilivyotoka kiwandani. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Wageni wafungulie mtandao wao wa pembeni, ambao ruta nyingi zinao.

Na kuna mpaka. Kuchanga na ndugu zako chini ya paa moja ni jambo moja. Kuvuta waya hadi mtaa wa pili na kutoza watu kila mwezi ni biashara ya mawasiliano, na hiyo hapa Kenya yataka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Soma pia mkataba wa kampuni yako, kwani mikataba mingi ya majumbani hukataza kuuza tena.

Mwisho ni makubaliano. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme kifurushi ni shilingi 3,000 na milango ni minne: kila mlango 750, tarehe ijulikane, na mkusanyaji awe mmoja. Kompyuta zijisasishe usiku wa manane. Ruta nyingi zina sehemu ya kukipa kifaa fulani kipaumbele, nayo itumieni. Mkiweza, nunueni betri ndogo ya ruta. Ni kifaa cha volti 12 tu katika nyumba nyingi, na huendelea kufanya kazi stima ikipotea.

Mimi nasema kipaumbele kisifuate anayelipa zaidi. Katika nyumba zetu, televisheni kubwa iko sebuleni, hatua mbili kutoka kwenye ruta. Msichana anayejaza maombi ya chuo au kufuata darasa lake yuko chumba cha nyuma, karibu na jiko, ambako waifai hufika kwa kuomba. Video ya mchezo ikikwama, mtu husubiri. Maombi yakikwama usiku wa mwisho, mwaka mzima waweza kupotea. Kabla ya kununua kifurushi kikubwa zaidi, ingieni kila chumba na simu mkononi mpime kasi. Waya wa kwanza mtakaouvuta, uvuteni hadi pale mtoto anaposomea.